Maji Yalipokosa Sauti

Sauti ya kwanza ninayoikumbuka maishani si adhana wala kelele za sokoni, ingawa nyumba yetu ya Kariakoo ilizungukwa na vyote viwili. Ni maji yakianguka juu ya jiwe. Marehemu babu yangu alikuwa amejenga maporomoko madogo uani, kimo chake hakikumzidi mtoto. Juu lilikuwapo birika la saruji tulilolijaza kwa ndoo kutoka kisimani, chini yake mawe matatu ya matumbawe yaliyopangwa kama ngazi, kisha mfereji mwembamba uliopita mbele ya jiko na kuishia kwenye migomba. Tundu la birika lilizibwa kwa kitambaa. Wakati wa sala ukikaribia, kazi yangu ilikuwa kukichomoa. Tukatawadha, na maji yaliyobaki yakanywesha migomba. Tangu chuo cha Kurani tulifundishwa kuiogopa israfu, yaani kupoteza neema bure, na babu alijenga kwa hofu hiyo hiyo.

Bibi, mama yake baba, alikuwa haoni kabisa. Hata hivyo, kila wakati wa sala alitoka chumbani kwake akavuka ua peke yake, kanga kaishika kidevuni, akasimama penye maji bila kugusa ukuta. Wageni walidhani anaona kidogo. Aliyejaribu kumshika mkono aliambiwa, “Niache, sijafa.” Mimi nilimzoea hivyo, wala sikujiuliza anaijuaje njia.

Mwaka niliotimiza miaka tisa, birika lilipasuka na maji yakaanza kulowesha ukuta wa chumba cha Bibi. Baba, aliyekuwa akifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini, aliazimia kuyatengeneza upya maporomoko yale kabla ya Ramadhani, iwe zawadi kwa mama yake. Akamleta fundi Salumu, mtu mpole aliyeipenda saruji yake kama wengine wanavyopenda mashairi. Kwa siku nne ua ulinuka chokaa na tope. Mimi nilipewa kazi ya kuyang’oa yale mawe matatu yaliyojaa utelezi wa kijani na kuyatupa uchochoroni, nami nilijiona nimesaidia sana. Fundi akasakafia mteremko mmoja laini toka birikani hadi mferejini, akaupiga mwiko mpaka ukang’aa.

Alasiri ya kwanza nilichomoa kitambaa kipya kwa fahari. Maji yakateremka kimya. Bibi akatokea mlangoni, akasimama. “Mbona hamjafungua?”

“Tumefungua, mama,” baba akajibu.

Akatembea hatua chache, akapinda, mkono wake ukagonga ukuta wa jiko. Sikuwahi kuuona uso wake ukiwa vile. Fundi Salumu, ambaye hakuelewa, akasema kwa furaha, “Yanashuka laini, bibi, kama mafuta!”

“Sasa mwanangu, mimi nitatawadha kwa mafuta?”

Tulicheka, yeye hakucheka. Baba alitaka kumfungia kamba toka mlangoni, Bibi akakataa. Baba akataka mimi nimwongoze, Bibi akaniambia kwa utani wake wa siku zote, “Mke mwenzangu, niletee kopo la maji humu ndani.” Siku tano akatawadhia chumbani kwenye karai, akasalia humo, akala humo. Alikuwa anatuaga polepole, na mimi ndiye niliyeyatupa mawe yaliyoyapa maji sauti.

Nilitoka kwenda uchochoroni. Jiwe moja nililikuta pale pale. Mawili hayakuwapo. Nikayaona kwa Mama Aika, jirani yetu kutoka Kilimanjaro, yamebeba sufuria ya maharage pamoja na tofali. Nilipomweleza alinitazama kidogo, akaitua sufuria. “Chukua, mama. Mwambie bibi yako maharage yangu yatasubiri.” Tuliyafunga kwa gunia, maana yalikuwa ya moto, tukayabeba pamoja.

Fundi Salumu, aliyeitwa tena, aliyaangalia mawe yale meusi kwa masizi, kisha akautazama mteremko wake. Akachukua nyundo, akauvunja mwenyewe. Baba akayapanga mawe na maji yakafunguliwa, na kwa mara ya kwanza baada ya siku tano Bibi akaonekana mlangoni. “La kati lisogeze kushoto.” Akasogeza. “Umezidisha.” Akarudisha kidogo. Sote tulitulia kama tuliomo msikitini. “Hapo.” Akavuka ua, akafika, akakunja mikono ya gauni lake.

Nyumba ile sasa ni ghorofa la maduka, na pale palipokuwa na migomba pana stoo ya mabegi. Mimi naishi Upanga kwa binti yangu. Macho yangu nayo yameanza kuniaga, namshukuru Mungu kwa miaka aliyoniazima. Mjukuu wangu hunishika mkono hadi bafuni, nami namwacha, sina ukali wa Bibi. Maji ya bomba hayana kazi ya kuvuta ndoo, na hiyo ni neema pia. Lakini mwezi uliopita walipokuwa wakilitengeneza bafu, binti yangu alikuja na fundi, akakaa kando yangu kitandani. “Shikamoo, mama. Fundi anauliza, bomba lako tuliweke wapi?” Baba yangu alimpenda mama yake kuliko wanaume wote niliowajua walivyowapenda mama zao, na swali hilo hakumuuliza.

“Marahaba, mwanangu,” nikamwitikia. “Fungueni kwanza, nisikie.”