Taa ya Ndani

Shemeji yangu mkubwa alisema mbele ya watu kwamba lile gari ni chuma tu, na chuma cha marehemu ni mali ya familia. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka uani kwake, Masisi, kitambaa cha matanga kichwani, na mume wangu hata wiki moja kaburini alikuwa hajamaliza. Kwetu mjane wa siku hizo hajibu kitu. Mimi nilijibu. Nilimwambia gari hilo lilinunuliwa kwa mafuta ya mawese niliyoyabeba mgongoni kutoka Kibua, nikiwa na mimba, na kama anatafuta chuma akatafute kwingine.

Watu waliguna. Yeye alicheka kicheko cha mtu aliyezoea kuongoza vikao, kisha akaweka sharti lake.

"Sawa. Siku ya kumaliza matanga, kama hii gari inafika hapa na magurudumu yake yenyewe, mi nitanyamaza. Kama haifike, nitatuma batu baikate, tuuzishe vyuma. Nasema mbele ya bote."

Alijua alichokuwa anasema; siku hiyo ilikuwa wiki chache tu mbele. Gari lenyewe lilikuwa Land Rover ya zamani, lenye umri mkubwa kuliko wangu. Mapadri walilitumia, mfanyabiashara mmoja wa Butembo akalichosha, ndipo likatufikia sisi. Tangu mume wangu aanze kuugua lilikuwa limesimama nyuma ya nyumba yetu, Kashebere, na kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Panya walikula nyaya. Kutoka Kashebere hadi Masisi ni matope, halafu ni kupanda, halafu ni ukungu. Najua sheria ya nchi inamlinda mjane, nimeisikia redioni mara nyingi. Lakini sheria haina matairi, na huko milimani kwetu haijawahi kupanda yenyewe.

Kitu ambacho shemeji hakukijua ni kwamba ninaendesha. Mume wangu alinifundisha kwa sababu ya malaria yake. Ilikuwa ikimshika njiani anatetemeka mpaka usukani unatetemeka naye, na siku moja alisimamisha gari, akahamia upande wangu na kuniambia nisogee. Baada ya hapo tulizoea. Tukikaribia senta yoyote tulibadilishana viti, yeye akaingia mjini kama dereva na mimi kama mke wa dereva. Nilikubali mchezo huo miaka yote kwa sababu nilimpenda. Huyu kaka yake sikumpenda kiasi hicho.

Nilirudi Kashebere, nikamtafuta fundi. Aliishi karibu na soko letu, mtu aliyekimbia vita kutoka Kitshanga. Wengine walitoroka na magodoro, yeye alitoroka na sanduku la spana kichwani. Alilizunguka gari, akapiga teke gurudumu, akaniuliza kama nina ndugu wa kiume wa kuzungumza naye. Nilimwambia ndugu zangu wa kiume wana kazi zao, azungumze na mimi. Basi akazungumza, tena sana, kwa maana alikuwa mtu wa maneno.

Tulianza na breki. Yeye alitaka kuanza na injini ili nisikie sauti nifurahi. Nilikataa. Gari lenye injini bila breki ni jeneza lenye haraka, na nilikuwa nimetoka kuzika. Baada ya breki zikafuata zile bamba za springi zilizovunjika, kisha kabureta, tuliyoiosha kwa petroli mpaka vidole vyangu vikachubuka. Sehemu za fremu zilizoliwa na kutu tulizichomelea vipande vya chuma. Mimi mwenyewe nilisugua bodi kwa msasa, nikashona viti kwa turubai, nikawaonyesha kuku mahali pengine pa kutagia. Majirani walipita wakisema huzuni imeniingia kichwani. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji; niliendelea kusugua.

Siku injini ilipokubali kuwaka, ilikohoa moshi mweusi kwenye nguo zote za jirani zilizoanikwa. Nilimfulia. Sikumwomba radhi, ila nilimfulia.

Zikabaki taa, na hapo ndipo mimi na fundi tuligombana kweli.

Fare za zamani, yaani taa kubwa za mbele, zilikuwa na mwanga wa rangi ya chai. Fundi alisema balbu zimechoka. Tulipozifungua tuliona kwamba balbu hazikuwa na kosa kubwa: lile bakuli la kung'aa nyuma yake, linalorudisha mwanga mbele, lilikuwa limeliwa na kutu. Na nyaya zilikuwa nyembamba, moto wa betri ulipotea njiani kabla ya kufika. Fundi alikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote. Ni zile taa ndefu nyeupe wanazofunga watu wa pikipiki, kali kama radi, mtu akikutazama nazo unaona madoa mpaka kesho. Alinifungia moja juu ya bampa kabla sijamaliza kubisha, akasimama kando kama aliyetoa zawadi.

Asubuhi iliyofuata nilipanda nayo mlima upande wa Nyabiondo, yeye kando yangu. Ukungu ulikuwa umelala barabarani kama kawaida. Nilipowasha, ukungu wote ukageuka ukuta mweupe mbele ya kioo. Mtaro sikuuona, na ukingo wa barabara sikuuona. Katikati ya weupe ule ilitokea pikipiki iliyobeba magunia ya makala, makaa ya kupikia, na dereva wake, aliyepofushwa na mimi, akaingia kwenye nyasi na mzigo wake wote. Hakuumia. Lakini alinitukana kwa Kiswahili, kwa Kihunde, na kwa lugha nyingine niliyoshukuru kutoijua, na kila tusi lilikuwa na haki yake. Tulimsaidia kuokota makala. Kisha nikamwambia fundi atoe kile kitu kwenye gari langu, pale pale, kabla sijageuza.

Alikasirika. Aliniambia nilitaka mwangaza na sasa naukimbia. Nilimwambia sikutaka mwangaza, nilitaka kuona barabara, na miaka kumi na zaidi nimekaa kwenye kiti alichokalia yeye nikiitazama barabara hii, kwa hiyo anisikilize.

Tulifanya hivi. Tuliagiza bakuli mpya za fare na balbu za kawaida zenye nguvu, tukavuta nyaya nene moja kwa moja kutoka betrini, na fuzibo yake ya kukata moto ukizidi, ili swichi kuukuu isiungue. Chini ya bampa, karibu kabisa na ardhi, tulifunga taa mbili ndogo za njano zinazotupa mwanga mpana na mfupi. Ukungu wetu huacha nafasi kidogo juu ya udongo, na taa iliyo chini hupita hapo. Nyuma tuliweka nyekundu mbili zinazoonekana, maana wa pikipiki kwenye ukungu hufuata gari kama ndama. Kupima urefu wa mwanga tulisimamisha gari mbele ya ukuta wa kapela, kanisa letu dogo, nikachora mstari kwa mkaa mahali mwanga unapaswa kukomea, ili usipande machoni mwa wanaokuja. Katekista alilalamika juu ya ukuta wake. Nilimwambia ni mstari wa kuokoa roho za watu, akaniachia, ingawa alinitazama vibaya Jumapili mbili.

Mwisho nilimwambia fundi anitengenezee taa ya ndani. Alicheka sana.

"Mama, taa ya ndani iko ya harusi. Unataka batu baone sura yako?"

"Njo hiyo," nilimkubalia.

Alikuwa mgeni kwenye barabara hii, kwa hiyo nilimweleza. Njiani kwetu kuna vizuizi. Wanaume wanaosimama hapo hubadilika, sheria yao haibadiliki: ukikaribia unazima fare, unawasha taa ya ndani, wenye bunduki wanaona nani ameketi na mikono yake iko wapi. Taa yetu ya ndani ilikuwa imekufa zamani, na mume wangu alikuwa akijimulika kidevuni kwa simu. Jioni moja simu ilikuwa imekwisha moto. Tulisikia bunduki zikikokiwa. Nilipaza sauti kutoka gizani kwamba tuko watu wa mawese, mke na mume, na nikaendelea kusema hivyo mpaka mmoja akasogea na tochi. Mume wangu hakuweza kukanyaga klachi kwa muda mrefu baada ya hapo. Fundi alipolisikia hilo aliacha kucheka, akafunga taa ya ndani yenye swichi karibu na mkono wangu wa kushoto, na hakutaka malipo kwa kazi hiyo.

Siku ya kumaliza matanga niliondoka baada ya mvua, peke yangu. Fundi alitaka kunisindikiza. Nilikataa, kwa sababu nilijua wangesema yeye ndiye aliyeendesha. Niliogopa, nalisema wazi. Matope ya Nyabiondo yalinivuta kando mara mbili, na mara mbili nikalirudisha gari njiani. Kwenye kizuizi nilizima, nikawasha ya ndani. Kijana mwenye bunduki alichungulia kiti cha nyuma, akaniuliza dereva yuko wapi. Nilimwonyesha mikono yangu juu ya usukani. Aliinua kamba.

Ukungu ulinipokea mlimani, nikawasha zile za chini. Barabara ikaja mbele yangu kipande kwa kipande, mtaro huku, ukingo huku, nami nikaifuata nikilia na kumsema mume wangu kwa sauti kwamba aliniacha mapema.

Uani kwa shemeji turubai lilikuwa limejaa watu. Niliingia na fare zote zikiwaka. Yeye alisimama, mkono machoni.

"Ni gari ya nani hiyo? Zimisha fare, tuone batu."

Nilizima. Ukungu na jioni vilikuwa vimechanganyika, na kwa muda hakuna aliyeona kitu ila umbo la gari. Kisha nikawasha taa ya ndani, nikaweka mikono juu ya usukani, nikakaa. Sikufungua mlango. Niliwaacha watazame.

Alikuja mpaka dirishani. Alichungulia nyuma yangu, akachungulia chini ya viti.

"Dereva iko wapi?"

"Papa, uko unamuangalia."

Alifungua kinywa. Alikuwa na maneno, niliyaona yakipanda: familia, desturi, mwanamke. Lakini mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kufika nyuma yake na fimbo yake, mama mzee ambaye tangu siku ya maziko hakuwa amesema neno lolote upande wangu wala upande wao.

"Ulisema utanyamaza," akamwambia mwanawe.

Akanyamaza. Mama mkwe alizunguka mbele ya gari, akagusa fare moja kwa kiganja, akakiondoa haraka kwa sababu ya joto. Nilimfungulia mlango wa upande ule niliokaa mimi miaka yote. Alipanda kwa shida, akakalia turubai nililolishona, akatazama watu kupitia kioo. Nilinyoosha mkono kuzima ile taa ili betri isichoke. Alinishika mkono.

"Usizimishe kwanza," alisema. "Kuko benye habajaona."