Titi la Kushoto

Kuna siku moja ya Mai Mahiu ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu. Leo miguu imevimba na sina nguvu ya kuongea sana, lakini keti hapa nikuambie.

Nilikuwa bado msichana, nimeolewa na Wafula, fundi wa tairi. Tulikuwa na kibanda kando ya barabara, pale malori husimama yakimaliza kuteremka mlima. Yeye alikuwa nyuma na tairi zake, mimi mbele na chai, chapati na mandazi. Nekesa, kifungua mimba wetu, alizaliwa wakati wa baridi, na kabla sijapata nguvu vizuri nilikuwa nimerudi kwa jiko. Dereva mwenye njaa hawezi kungoja mtu apone.

Sasa fikiria mwenyewe. Mkono wa kulia unageuza chapati, unatoa mandazi kwa mafuta, unamimina chai. Mtoto atakaa wapi? Atakaa mkono wa kushoto. Akilia, nampa titi lililo karibu na mdomo wake, naendelea na kazi. Sikuamua siku yoyote kwamba nitamnyonyesha upande mmoja. Ilitokea tu, vile mambo mengi yetu hutokea, kwa kukosa nafasi ya kufanya vingine.

La kulia lilijaa. Mwanzoni nilikuwa naenda nyuma ya choo, nakamua maziwa chini, naona uchungu kuyamwaga, narudi. Wateja wakazidi, nikaacha kwenda. Jioni nikijaribu kumgeuza Nekesa upande ule, alikuwa anapiga kelele na kugeuza kichwa, maana hakuuzoea. Na mimi saa hizo sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu, hata mtoto mchanga. Nilikuwa namrudishia la kushoto, tunanyamaza wote wawili.

Mama Shiro, jirani aliyekuwa akiuza viazi, aliona blauzi yangu imelowa upande mmoja akaniambia kwa upole, "Mama Nekesa, hilo titi mtu amelitazama vibaya. Tafuta maombi." Wafula naye akasema mtoto apewe maziwa ya ng'ombe, hiyo shida iishe. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Hakuna aliyeninyooshea mkono kunipokea mtoto.

Siku ninayokuambia, niliamka na homa. Titi la kulia lilikuwa jekundu na gumu, hata nguo ikiligusa nasikia kutaka kulia. Nilifungua kibanda hivyo hivyo. Asubuhi ilipokuwa imechangamka, madereva wamejaa kwenye benchi, niliinama juu ya karai la mafuta kugeuza mandazi, Nekesa akinyonya. Nikaona moshi unazunguka. Mkono uliomshika mtoto ukaanza kulegea.

Nilisikia mtoto anatoka mkononi mwangu. Nilidhani ameanguka ndani ya mafuta.

Aliyemchukua alikuwa mama mkwe. Huyo mama alikuwa mjane, akikaa mtaa wa Section 58 huko Nakuru, kwenye nyumba aliyoachiwa na mzee wake aliyefanya kazi ya reli. Alikuwa amekuja kumwona mjukuu, na alikuwa ndio ameshuka tu kwa gari. Mfuko wake wa omena, wale dagaa wa ziwani, ulikuwa umemwagika pale chini, kwa vile aliutupa ili amdake Nekesa.

Hakupiga kelele. Alimweka mtoto begani, akalitoa karai kwa moto, akawageukia wale madereva. "Wanangu, leo chai imeisha. Samahani."

Dereva mmoja akasema, "Lakini mathe, naiona hapo."

"Unaiona, lakini imeisha."

Wakaondoka. Alinikalisha kwenye benchi lao, akafungua blauzi yangu, akalitazama titi. Halafu akamwita mwanawe. Wafula alikuja na mikono myeusi ya grisi.

"Mtoto huyu hushikwa na nani, mama yake akipika?"

"Ni yeye, mama. Mimi niko kwa tairi."

"Na ukishafunga tairi zako?"

Wafula akaanza kupangusa grisi mikononi.

"Uliniambia kwa simu bibi yako hana maziwa," mama mkwe akasema. "Maziwa anayo. Amekosa mahali pa kukaa."

Nilifurahi kidogo, sitakuficha. Nilidhani amemaliza. Kumbe alikuwa na neno langu pia. "Na wewe, ulikuwa unangoja nani akuulize? Mimi si ningekuja?"

Hilo liliniuma kuliko titi lenyewe. Nililia mpaka nikasikia aibu.

Dispensari walikuta jipu, wakalikamua, wakanipa dawa. Daktari alisema walipaswa kuniona mapema. Mama mkwe alikaa nasi mpaka mvua zikaanza. Alimfundisha Wafula kumbeba mtoto mgongoni akifanya kazi nyepesi, na watu wakamcheka, akazoea. Tulijaribu kumrudisha Nekesa upande wa kulia kila siku, akiwa na usingizi, akiwa na njaa, kwa kila mkao. Alikataa. Maziwa ya upande ule yakapungua, yakaisha.

Alinyonya la kushoto mpaka akatembea. Kila alipopimwa kliniki alikuwa anaongeza kilo, mnono, mwenye hasira zake. Leo ni mama mzima na ananizidi urefu. Mimi upande mmoja ulibaki mdogo. Kwa miaka mingi nikienda kanisani nilikuwa naweka kitambaa ndani ya sidiria, baadaye nikachoka hata na hilo.

Kwa hivyo mwanangu, uliyejifungua juzi, sikia. Mgeuze mtoto mapema, kabla hajachagua upande. Akikataa kabisa, au ukiwa na sababu yako, usikubali mtu akuambie titi moja haliwezi kulea. Linaweza, ila nenda kliniki wamwangalie anavyokua. Ukiona titi jekundu na una homa, usiende kazini. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, maombi yatakufuata huko. Na ukichoka, sema umechoka. Sema kwa mume, kwa mama, kwa jirani, na ukiona hawakusikii, rudia. Mimi nilinyamaza nikidhani ndiyo nguvu, na mtoto wangu nusura aungue.

Mungu akupe maziwa, mwanangu, na akupe kiti cha kukalia ukinyonyesha. Aamshe huruma kwa huyo uliyeolewa naye. Na siku mikono yako itakapolegea, awepo mtu karibu wa kumdaka mtoto.