Mlima Juu ya Bafu za Kabiro

Wazungu wana majira yao ya majani kupukutika, na wapiga picha wao huamka alfajiri kuyafuata milimani. Mimi ni wa mtaa wa Makina, hapa Nairobi. Majira yangu ni siku chache za Septemba, baridi ikishalegea, wakati Mlima Kenya unaonekana kutoka Nairobi kabla moshi haujaufunika. Picha za harusi ndizo zinazonilisha. Hii ya mlima niliitaka kwa ubishi tu, kwa sababu kila niliyemwambia alicheka.

Mlinzi wa ghorofa moja ya mtaa wa Kabiro, mzee wa Kitui tuliyefahamiana miaka mingi, alikubali kunifungulia mlango wa paa alfajiri moja.

"Landlord akijua, kazi sina," aliniambia. "Piga haraka ushuke."

Mlima ulitokea mweusi, kisha ncha zake zikaanza kuwa nyekundu. Niliinama ukingoni na lenzi yangu ndefu, nikasahau dunia. Nikasahau pia jambo ambalo kila mpangaji wa mitaa yetu analijua: bafu za ploti, hizi nyumba za kupanga zenye ua mmoja, ni mabati bila paa, na saa hiyo ndiyo watu huoga kabla ya kwenda kazini. Zilikuwa chini yangu, safu nzima.

Mwanamke alipiga mayowe. "Kuna mtu huko juu anatupiga picha!"

Walinikuta kwenye ngazi, wanaume saba au wanane, mmoja bado ana povu la sabuni masikioni. Hawakuuliza kitu. Ngumi ya kwanza ilinifunga jicho, teke likaniangusha, wakaniburuta miguu mbele hadi uani, kichwa kikigonga kila ngazi. Mtu alinikanyaga kifuani, nikasikia ubavu ukilia. Nilikuwa nimeikumbatia kamera, na hasira iliyonijaa ilikuwa ya kijinga kabisa. Nilimng'ata mmoja mkononi mpaka nikaonja damu yake, na hapo wakaongeza.

"Nani alikufungulia?" aliuliza yule mwenye povu. Alikuwa ameinua jiwe.

Ningeweza kusema nilivunja kufuli. Nilimnyooshea kidole mlinzi, aliyekuwa amesimama getini.

"Huyo mzee. Muulizeni yeye."

Wakaniacha palepale. Walimpiga kwa rungu lake mwenyewe, wakamsukuma ndani ya kibanda chake cha getini, nikasikia vishindo na maswali ambayo sikuyashika vizuri. Yule mwanamke, kanga bado imelowa, alikuja kusimama mbele yangu. "Washa hiyo kamera tuone." Niliwasha. Mlima, mlima, mlima. Alizitazama picha zote, kisha akawapigia kelele wenzake wamwache mzee. Walitoka mmoja mmoja, wakarudi kumalizia kuoga.

Nilikagua lenzi kama ina ufa kabla ya kuingia kibandani. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo nilivyofanya.

Wiki tatu baadaye nilikwenda chumbani kwake na unga na sukari. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta na kazi ilikuwa imekwenda. Nilianza kueleza jinsi jiwe lile lilivyokuwa kubwa, na jinsi mtu anavyoropoka akipigwa. Aliniacha nimalize.

"Mimi waliniuliza unakaa wapi," alisema. "Walitaka kwenda kuichoma nyumba yako, na watoto wako walikuwa bado wamelala. Hapo ndipo waliponivunja mkono. Sikuwaambia."