Injini Iliyovuka Mchanga Kimya Kimya

Heri mnisikie mimi kabla hamjasikia habari hii sokoni Kabati. Mke wangu alitaka gari la familia lenye injini kubwa ya dizeli, maana kwao hakufikiki bila kuvuka mto mkavu uliojaa mchanga. Mimi nilitaka la petroli, injini ndogo, magurudumu yote manne yakivuta. Muuzaji akaniachia hilo la petroli nikalijaribu kwenye mto huo wa kwao.

Katikati ya mto lilizama, likatulia, kisha likapanda ukingo bila mngurumo. Nilistaajabu.

"Mama Mutua, umesikia? Kimya kama kanisani!"

Mke wangu, kando yangu, alikuwa akitazama kioo cha pembeni, mkono mdomoni.

"Baba Mutua," sauti ikatoka nyuma, "sasa washa injini. Tumechoka."

Alikuwa mama mkwe, ambaye kwa heshima sijawahi hata kumpa mkono, akisukuma gari na akina mama wenzake wa kanisa.