Mtawa na Kitambaa cha Puani

Unanisumbua mimi, niliyejua kuandika ukubwani, nieleze nyumba yetu ya watawa? Haya. Bustani ina umri mkubwa kuliko hekalu. Hekalu la kwanza lilichukuliwa na mto, miti ikabaki. Mtawa anayeitunza ana kucha nyeusi kwa udongo. Kila alfajiri huchuma maua ya Gopal, mungu wetu, amejifunga kitambaa puani, maana ua lililokwisha kunuswa hapewi.

Juzi Nirubala, mjane aliyepofuka mwaka huu, aliinamia kikapu akavuta pumzi.

“Wewe bibi!” Khiroda, mpishi, akafoka. “Umeyaharibu yote! Usikanyage tena hapa!”

Nirubala akaanza kupapasa njia ya kutokea. Mtawa akashusha kitambaa, akatumbukiza uso kikapuni.

“Kumbe ndivyo yanavyonukia! Shangazi, haya sasa ni yako. Njoo tuokote shiuli.”

Shiuli ndilo ua pekee ambalo Gopal hulipokea hata likiokotwa chini. Akamketisha kwenye umande, wakaokota pamoja, na kengele ya ibada ilipolia, Gopal alikuwa amekwisha kuvikwa maua. Tangu hapo shiuli ni kazi ya Nirubala.

Nawe uliyenisumbua, kesho alfajiri mpitie Nirubala, umshike mkono hadi bustanini. Magoti yangu yananiuma.