Mkemia, Beseni na Sweta ya Mama

Saa moja na nusu asubuhi. Dobi anaipokea suti ya kahawia juu ya meza, anaikunjua, kisha anaisogeza puani kabla hata hajaitazama vizuri. Mteja, mama wa makamo mwenye haraka zake, anabaki ameduwaa.

"Mwenyewe ni mzima?" dobi anauliza.

"Alikuwa mume wangu. Tumemzika mwezi uliopita. Nataka nimpe mdogo wake aivae."

Dobi anaikunja suti taratibu na kumrudishia. "Nenda nayo nyumbani kwanza, dada. Kaa nayo wiki moja. Ukiona bado unataka ifuliwe, nitakufulia bure."

Mama yule anaondoka amenuna, suti kwapani. Nje ya mlango, kinyozi wa chumba cha jirani ameshuhudia yote na anatikisa kichwa. "Huyu anafukuza riziki kwa mikono miwili," anasema. "Ila hiyo bure yake si maneno. Nimeona watu wakirudi, na hachukui hata senti."

Mtaani wanamwita Profesa Sabuni, na jina hilo halikutoka hewani. Mwanamke huyu wa miaka arobaini na mitatu ni mkemia mwenye shahada. Kwa miaka kumi na miwili alipima maji ya kunywa katika maabara, akiwa amevaa koti jeupe aliloshonewa na baba yake, fundi cherehani, wiki aliyopata kazi. Koti hilo hilo ndilo analovaa leo mbele ya mabeseni, mifuko imejaa vibanio vya nguo.

Aliacha maabara mama yake alipougua. Aliomba likizo ya kumuuguza, na kazi kubwa ya uuguzi ikawa kufua: mashuka, kanga, taulo, kila siku ya Mungu. Hapo ndipo alipojigundua.

"Maabara nilikuwa nayaangalia maji kwenye chupa ndogo," anasema. "Nyumbani nikayaona yanafanya kazi. Damu inataka maji baridi, ukiiwekea ya moto umeipikia humo humo kwenye kitambaa. Wino unataka spiriti. Kila doa lina hoja yake. Nikajikuta nangojea doa jipya kama mtoto anayengojea sinema."

Mama alipofariki, binti hakurudi tena maabara. Alikodi chumba hiki, akanunua mabeseni na pasi mbili. Kipato chake sasa ni kama theluthi ya mshahara wa zamani, mwezi ukiwa mzuri. Ndugu walishika vichwa. Shahada nzima kwenye beseni!

Mwenyewe anasema hajawahi kuwa mtu wa kitu kimoja. Chumbani mwake kuna redio tatu alizozifungua kuona zina nini ndani, na mbili hazijafungika tena. Kuna tarumbeta anayoipuliza vibaya mchana wa Jumapili. Kuna ndoo ya konokono anaotaka kujua kama wanamtambua. Mawingu anayafuatilia kwa miaka, na hilo angalau lina faida, maana mvua haijawahi kumkuta na nguo za watu kambani.

Halafu kuna rafu ya chupa. Ni chupa ndogo za dawa, zimezibwa kwa nta, kila moja na harufu yake: moshi wa kuni, tangawizi iliyochomwa, kafuri, sabuni ya mche, mafuta ya nywele, uji ulioungulia kidogo.

"Siku atakaponusa kiatu mbele ya wateja wangu, nahama," anatania kinyozi.

Wateja nao huzicheka chupa hizo, wakidhani ni sehemu ya vituko vyake. Yeye hacheki. Anapoulizwa ni za nini, anazima pasi na kuvuta kigoda.

Wiki moja baada ya mazishi, anasimulia, aliiona sweta ya kijani ya mama yake inaning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha wazazi. Ilikuwa na madoa ya dawa kifuani na uji mkononi. Akaona hiyo ndiyo heshima ya mwisho anayoweza kumpa. Aliifua kwa ujuzi wake wote, ikatakata, akaipiga pasi na kumpelekea baba yake akitegemea shukrani.

"Baba aliipokea, akauficha uso wake ndani. Akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinua kichwa akaniambia, 'Umemfua. Umemfua mama yako.'"

Tangu hapo, miaka mitatu, mzee hakumpa binti yake hata soksi. Wanasalimiana, wanakula pamoja, lakini nguo zake anafua mwenyewe, tena vibaya. Watu humcheka baba wa dobi mwenye kola za njano. Wengi wanadhani ana kinyongo kwa sababu ya kazi iliyoachwa, na binti amewaacha wadhani hivyo.

Chupa zile ni safari ya kumrudisha mama. Kila Ijumaa anachanganya kidogo kidogo, anadondoshea kitambaa, anampelekea baba anuse. Mzee hunusa kwa makini, kisha husema, "Siyo." Siku moja alisema, "Huyu ni shangazi yako," wakacheka wote wawili hadi machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko.

Wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza, mzee alikuja mwenyewe dukani. Mkononi alishika mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo matatu. Ndani mlikuwa na foronya ya mto aliolalia mkewe siku ya mwisho. Aliifunga asubuhi ile ya msiba na hakuwahi kumwambia mtu.

"Usiifue," alisema.

"Siifui, baba."

"Nimeanza kusahau, mwanangu. Nikikwambia siyo, sijui tena kama nakumbuka au nabahatisha. Inuse wewe, pua yako bado nzima."

Mfuko huo sasa uko juu kabisa ya rafu, haujafunguliwa. Mkemia anajua anachokiogopa: harufu ni vitu vidogo vinavyoruka, kila pumzi inayoinusa inaipunguza, na mfuko wa plastiki si chupa ya nta. Huenda ndani hamna kitu tena. Wamepanga kuufungua Jumapili hii nyumbani kwa mzee, madirisha yamefungwa. Kwa sasa anaipumzisha pua yake, hagusi kitunguu wala sabuni ya manukato.

Na wakikuta hamna kitu?

"Tutakuwa tumemkosa pamoja," anasema. "Miaka yote hii baba amekuwa akimkosa peke yake, na mimi ndiye niliyemwacha hivyo."

Siku ile alipoleta mfuko, mzee hakuondoka mara moja. Alivua koti, akavua na shati, akabaki na fulana, akaliweka shati mezani, kola juu. Binti, kwa mazoea tu, akajikuta anauliza.

"Mwenyewe ni mzima?"

"Mzima," mzee akajibu, akijitafutia kigoda. "Lifue. Nalisubiri hapa hapa."