Kasoro ya Nane

Mwalimu wangu alificha kasoro saba. Mimi nikapata nane.

Kama hujaelewa, tulia nikueleze, kwa sababu hiyo ya nane nusura imuue mtu. Na mpaka leo nikikumbuka iliingiaje, naona aibu.

Naitwa Nyanchama, mzaliwa wa Rangwe. Wazazi wangu wanauza nguo pale sokoni. Mwaka juzi nilikuwa karani wa mapokezi Masara, kule kwa wachimba dhahabu, kwenye zahanati ndogo ya mtu binafsi.

Kazi yangu ilikuwa kukaa dirishani. Jina? Tarehe ya kuzaliwa? Namba ya simu? Naingiza kwenye kompyuta, mwingine anasogea.

Niseme ukweli, nilikuwa na mdomo. Foleni ikirefuka nilikuwa nafokea watu wazima kama watoto wangu wa kuzaa.

Baadaye nilichoka, nikaacha kazi, nikaja Homa Bay kusomea kujaribu programu za kompyuta. Mwalimu wangu ni Cephas Mayaka. Ana chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kompyuta nne, na feni ambayo sijawahi kuiona ikizunguka. Ndiye aliyetengeneza ile programu ya zahanati ya Masara, na ndipo tulipojuana.

Mwisho wa mafunzo akanipa mradi wa mazoezi.

"Hii ni zahanati ya uongo," akasema. "Hakuna mgonjwa wa kweli humo ndani. Nimeficha bug saba. Ukipata tano, nina kazi ya kukupa."

Bug ndiyo kasoro kwa lugha ya kazi yetu.

Watu wengi wanadhani kujaribu programu ni kubonyezabonyeza ovyo. Wapi! Unaanza na mpango. Halafu unaandika jaribio moja moja: nitafanya nini, natarajia nini, nimepata nini. Ulichotarajia na ulichopata visipolingana, hapo una kasoro. Unaiandikia ripoti ambayo mtu mwingine ataifuata hatua kwa hatua mpaka aione na yeye.

Kwa siku nne nilikuwa nazo zote saba. Programu ilikubali mtoto aliyezaliwa mwaka ujao. Ikampeleka mzee wa miaka sabini kliniki ya wajawazito. Nilicheka peke yangu mpaka Cephas akachungulia mlangoni.

Siku ya tano nikabakiwa na jaribio moja tu, la wagonjwa wawili wanaofanana. Nilihitaji majina, na majina yalikuwa yameniishia.

Ndipo nikamkumbuka dada mmoja wa Masara.

Huyo dada alikuja dirishani mchana mmoja wa jua kali. Jina lake Bhoke Werema. Nikaingiza, kompyuta ikaniletea Bhoke Werema ambaye tayari yumo. Simu ileile. Mwaka uleule, na siku ni ya kwanza Januari, maana ndiyo siku tuliyowaandikia wote wasiojua siku waliyozaliwa.

"Wewe ushaandikwa," nikamwambia.

"Hapana. Mimi ni Bhoke mwingine."

"Bhoke mwingine, Werema mwingine, na simu ni hiyo hiyo? Dada, usinichezee akili. Unataka kuchukua dawa mara mbili?"

Foleni nzima ikacheka. Yeye akaangalia chini, nikambonyezea "endelea", akaingia kama mtu mpya, nikamwambia apite.

Sasa hapo Homa Bay nikaona hilo ni jaribio zuri. Nikamwandika Bhoke wa kwanza na onyo jekundu: asipewe penisilini. Hilo sikulitunga. Bhoke wa Masara niliyemkuta kwenye kompyuta aliwahi kudungwa sindano hiyo akavimba uso na koo, na muuguzi Milka alihangaika naye nusu saa kabla hajapumua sawasawa.

Nikamwandika Bhoke wa pili. Yeye hana onyo lolote.

Natarajia: watu wawili.

Nimepata: mtu mmoja. Na onyo jekundu halipo.

Nikaandika ripoti. Kasoro ya nane. Uzito: mkubwa. Nikaenda kulala nikijiona fundi.

Asubuhi Cephas alikuwa na ripoti yangu mkononi, uso umekunjamana.

"Hii ya nane umeitoa wapi? Mimi nilificha saba."

"Iko, Mwalimu."

"Haiko. Nilizificha mwenyewe, nazijua."

"Basi fuata hatua."

Akaketi, akafuata. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya sita mkono wake ukasimama juu ya kipanya. Akarudia tena tangu mwanzo. Akavua miwani.

"Nyanchama," akasema polepole, "hii programu ya mazoezi niliinakili kutoka ile ya Masara."



"Ile ya kweli?"

"Ile ya kweli."

Akaifungua ya Masara kwa mtandao. Akaandika Bhoke Werema. Likaja jina moja tu. Mzio: hakuna. Chini yake kulikuwa na mstari wa siku hiyohiyo: kidonda cha mguu, sindano ya penisilini, chumba cha sindano, namba sita.

Aliyekuwa ndani ya chumba ni namba tatu.

Wasomaji wangu, sijui kama mshawahi kuogopa kwa ajili ya mtu aliye mbali hivyo. Huwezi kukimbia. Huwezi kumshika mkono. Unaona namba tu kwenye kioo cha kompyuta.

Na kilichonikata maini ni hiki. Zamani Bhoke alikuwa na kadi yake, Milka ameandika onyo kwa kalamu nyekundu. Programu ilipokuja tulikusanya kadi zote. Bhoke alikataa kuitoa yake. Mimi ndiye niliyemnyang'anya nikicheka: "Mama, hata wewe ukisahau, kompyuta haitasahau."

Nikampigia Milka. Akapokea mara moja.

"Nyanchama wangu! Umenitupa!"

"Milka, uko kazini?"

"Niko likizo, niko nyumbani Uriri. Siku hizi kuna daktari mpya, anaitwa Kerosi. Kwani kuna nini?"

"Nipe namba yake!"

"Sina, dada. Ngoja niulize."

Nikapiga simu ya mapokezi. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ninaijua ile simu, inakaa kwenye droo, na siku za watu wengi hakuna anayeisikia.

Namba nne ikaingia.

Cephas alikuwa anaandika kwenye faili la Bhoke kwa herufi kubwa: USIMDUNGE.

"Ataiona?" nikauliza.

"Akifungua faili sasa, ataiona. Kama alishalifungua asubuhi akaliacha wazi, haoni kitu."

"Zima programu yote!"

"Nikizima ataendelea na alichokwisha kusoma. Afadhali tuone wamefika wapi."

Namba tano ikaingia.

Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena.  Halafu macho yangu yakaangukia kwenye faili lenyewe. Namba ya simu! Ile niliyomgombeza mtu kwa sababu yake. Nikaipiga.

"Haloo." Sauti ya mzee.

"Mzee Werema? Mimi ni Nyanchama, yule karani wa zamani wa zahanati."

"Yule mkali?"

"Ndiyo mzee, yule mkali. Tafadhali, Bhoke yuko wapi?"

"Bhoke gani? Mimi niko na Bhoke wawili."



"Wawili?"

"Kwetu msichana wa kwanza wa kila nyumba ni Bhoke. Mke mkubwa na Bhoke wake, mke mdogo na Bhoke wake. Si huyo mdogo alikuambia? Alikuja nyumbani analia."

Cephas akanigusa bega, akanionyesha kioo. Namba sita. Ndani.

"Mzee, yule wa kidonda cha mguu! Yuko wapi?"

"Huyo ni wa nyumba kubwa. Nimemleta mimi, niko hapa nje kwa benchi. Ameingia sasa hivi."

"Ingia! Mzee, ingia ndani usimwache adungwe! Ile sindano ndiyo ilitaka kumuua!"

Sikujua mzee anaweza kukimbia hivyo. Nilisikia benchi likianguka. Nilisikia mwanamke akilalamika kwamba foleni ni foleni. Mlango ukapigwa. Mtu akasema kwa hasira, "Mzee, huwezi kuingia hapa!"

"Chukua simu! Chukua!"

"Nani huyu?" Ni Kerosi.

"Daktari, umeshamdunga?"

"Wewe ni nani unaniuliza mambo ya mgonjwa wangu?"

"Umeshamdunga?"

Cephas alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Bado," Kerosi akasema. "Sindano iko mkononi."

"Iweke chini. Ana mzio wa penisilini, kompyuta imempoteza. Funga faili lake ufungue upya, uone."

Nikasikia akibonyeza. Nikasikia pumzi yake ikibadilika. Halafu nyuma yake, sauti ya mwanamke mtu mzima, taratibu kabisa:

"Si nimekwambia mimi sitaki hiyo dawa? Ukasema kompyuta imesema ni sawa."

Nilikaa sakafuni nikalia. Cephas naye alikuwa anafuta macho akisingizia miwani.

Bhoke akapewa dawa nyingine. Yuko mzima, na mguu umepona.

Lakini hadithi haijaisha, na laiti ingeishia hapo ningebaki shujaa.

Mchana huo Cephas aliikagua programu ya Masara kutafuta kasoro imetoka wapi. Kila badiliko lina kumbukumbu yake: limefanywa lini, kwa nini, nani aliomba. Akasoma, akageuza kioo upande wangu.

Iliandikwa hivi: "Watu wanajiandikisha mara mbili wanatuchosha. Jina, simu na mwaka vikifanana, programu iwaunganishe yenyewe, ichukue habari mpya. Ombi la karani wa mapokezi, Nyanchama M."

Ni mimi.

Niliutuma ujumbe huo jioni ya siku ileile niliyomfanya Bhoke achekwe na foleni nzima. Kabla ya hapo, dirishani, nilikuwa nawabishia watu mmoja mmoja. Kwa ujumbe ule nikaifundisha kompyuta ikatae kwa niaba yangu, kila siku, bila hata kuinua macho. Niliondoka Masara, ukatili wangu ukabaki kazini.

"Hata mimi nina makosa," Cephas akasema. "Uliniomba, nikaweka, sikujaribu. Nilikuwa na haraka."

Nilishukuru, lakini haikunipunguzia kitu.

Tulirekebisha, tukajaribu upya, kisha tukarudia majaribio yote ya zamani, maana ukiziba hapa unaweza kutoboa pale. Sasa programu ikiona wanaofanana inauliza kwanza: mama yako ni nani? Zahanati ikawaita wote waliokuwa wameunganishwa. Walikuwa kumi na mmoja.

Ijumaa nikaenda Masara mwenyewe. Nikaomba niketi dirishani kwa saa moja tu.

Bhoke wa nyumba ndogo alikuja na vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi. Aliponiona akasimama mbali. Nikaondoka dirishani, nikamfuata kwenye foleni, mbele ya watu, kama vile nilivyomwaibisha mbele ya watu.

"Dada, ulisema kweli. Mimi nilikuita mwongo. Naomba unisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alisogea tu mpaka dirishani, akaweka mikono yake miwili pale juu, akaniuliza:

"Kwa hiyo leo naruhusiwa kuwa mimi?"

Nikarudi kwenye kiti changu, nikamwandika. Bhoke Werema, wa pili, mama yake ni Gati.

Kazi kwa Cephas niliipata. Watu hunipigia wakitaka kujifunza kujaribu programu, na ninawaambia vitabu vitawafundisha mpango, majaribio na ripoti. Mimi naongeza moja tu. Kabla hujaanza, mkumbuke mtu aliyewahi kukuambia ukweli ukamcheka. Mwandike huyo kwanza, kwa jina lake kamili, uone programu itamfanya nini.